Aliyeitika Sokoni

Nilikuwa na kibanda cha cherehani katika soko la Walatino, kaskazini mwa London, juu ya stesheni ya treni za chini ya ardhi. Mzanzibari mle ndani nilikuwa peke yangu. Wengine walikuwa Wakolombia, Waperu, Wabolivia, na mama mmoja wa Chile aliyeuza vitabu vikuukuu. Yeye na mimi tulitenganishwa na ubao tu. Nilifupisha suruali na kubadilisha zipu huku nikisikia Kihispania kutwa, na baada ya miaka nikawa napatana na kila mtu kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Kisha mwenye jengo akataka kulibomoa ajenge maghorofa. Waliochoka na vitisho vya barua wakaanza kuhama. Kila wiki ungekuta mlango mwingine wa bati umeshushwa na kutiwa kufuli. Redio zilipungua, harufu ya nyama ya kukaanga ikapungua, na kuna saa za mchana nilikuwa nasikia mkasi wangu tu.

Waliobaki hawakukubali. Walikusanya saini, wakaenda kwenye mikutano ya halmashauri, na kila mwezi Jumapili moja walifanya sherehe ya ngoma na chakula, ili watu wa mtaa wajue ni kitu gani kinachotaka kuuliwa. Mimi niliwashonea wachezaji marinda.

Jumapili moja ya Novemba, ngoma zilipomalizika, mama wa Chile alikuja na kiti chake akaketi karibu yangu.

"Leo tutawaita watu wetu," alisema. "Waliokufa, na waliochukuliwa wasionekane tena. Mmoja anataja jina, sote tunajibu kwamba yupo. Ndugu yangu nimemwita hivi tangu ujana wangu. Wewe huna wako?"

Nilikuwa naye. Baba yangu alikuwa mwalimu wa skuli. Baada ya mapinduzi, wanaume wawili walisimama mlangoni kwetu alasiri wakamwita kwa jina. Kwetu mwanamke huitika labeka, mwanamume huitika naam, na baba alikuwa akiivuta naam yake, ndefu na ya upole, hata aitwapo na mtoto. Aliitika hivyo hivyo, akatoka na kanzu ya kushindia. Nilikuwa na miaka sita. Hatukuambiwa kafa, hatukuambiwa yu hai. Mama hakukaa eda wala hakuolewa tena. Hata khitma hatukumsomea, maana nani alituletea habari ya maiti?

Nilisimama. Tulikuwa kama watu arubaini kwenye njia nyembamba baina ya vibanda, na mishumaa iliyopangwa sakafuni. Nililitaja jina la baba, jina kamili mpaka la babu yake. Watu wakajibu kwa sauti moja: yupo.

Halafu, walipokwisha kunyamaza, nikasikia nyuma yangu: "Naaam."

Haikuwa kubwa. Niligeuka. Nyuma yangu palikuwa na kibanda cha muuza nyama aliyehama tangu kiangazi, mlango umefungwa kwa kufuli la mwenye jengo.

Mama wa Chile alinishika mkono. "Nani yule aliyejibu peke yake?"

"Umesikia?"

"Nimesikia. Ametokea pale." Akauelekezea kidole mlango wa bati.

Niliweka kiganja juu yake. Ulikuwa ukitetemeka kidogo, kama unavyotetemeka mlango baada ya kugongwa. Nikajiambia ni treni zinapita chini. Kisha nikakumbuka kwamba treni hazikuwa zikienda siku ile. Njia ilikuwa kwenye matengenezo, na mimi mwenyewe nilikuja kwa basi.

Kesho yake nilimwendea kijana wa Moroko aliyeuza vifuniko vya simu nje, mlangoni mwa soko, kwa kuwa naam ni neno lao pia. Aliniambia Jumapili alikuwa Wembley, harusini kwa shemeji yake. Sikuwa na mwengine wa kumwuliza.

Siku tatu sikumwambia mama yangu. Tulikaa nyumba moja Walthamstow, naye alikuwa amekaribia miaka themanini. Siku ya nne nilimweleza, huku anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Aliikata au aliivuta?"

"Aliivuta."

"Mwanzo wake au mwisho?"

"Katikati, mama."

Akaendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. Akasema, "Basi ndiye. Na aliye hai asingeitikia ndani ya duka lililofungwa. Mwite shekhe, tumsomee."

Tulisoma khitma Ijumaa iliyofuata. Mama wa Chile alikuja amejifunga mtandio, akaketi na wanawake, hakufahamu neno hata moja na hakuondoka mpaka mwisho. Jioni ile ile mama alivaa nguo nyeupe akaanza eda, miezi minne na siku kumi, baada ya zaidi ya miaka arubaini. Hakutoka hata uani. Siku alipomaliza alitaka apelekwe soko la barabarani akanunue samaki. Alimchagua mwenyewe, akabishana bei, akarudi akila ndizi njiani kama mtoto.

Maghorofa hayakujengwa. Mwenye jengo alichoka kabla yetu, ingawa nusu ya wenzetu hawakurudi.

Kila Novemba bado wanaita majina. Mimi sijasimama tena. Nachelea aitike, na nachelea anyamaze. Mama wa Chile anasimama kila mwaka. Zamani alikuwa akilitaja jina la ndugu yake, watu wakijibu anaketi mara moja. Sasa haketi. Anabaki wima, kichwa amekiinamisha upande, na hakuna anayethubutu kutaja jina linalofuata mpaka yeye akae.