Siku Nilipotangaza Sumu Beni

Bon, nianze kujicheka mwenyewe, ili nyinyi mkicheka nisione kama nimeonewa: yule kijana mnayemsikia kwenye stori za bamotard, waendesha pikipiki wa Beni, yule aliyesimama katikati ya malewa, nyumba ya kula, saa ya chakula cha mchana akapiga kelele "sumu!" mpaka watu wazima na heshima zao wakatema nyama chini, ni mimi. Kakule, mwanafunzi wa Butembo, mtoto wa nne wa kiume nyumbani (kwetu Banande jina Kakule linatosha kukuambia kwamba mimi ni wa nne, na pia kwamba wazazi walikuwa wamekwisha choka kufikiria majina).

Yote ilianza na yaya Masika (yaya kwetu ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto). Yaya Masika ni binti wa Papa mukubwa wangu, amezaliwa Ubelgiji, amekulia Ubelgiji, na Kiswahili chake ni kile cha kwenye simu: jambo, aksanti, hapana, na "batoto bako wazima?", swali analowauliza hata mapadri. Alikuja kwa ajili ya ndoa ya Tante Kahindo, dada mdogo wa baba zetu, ndoa iliyokuwa ifanyike Beni Jumamosi, na ni yeye aliyechaguliwa kumsindikiza bibi arusi mpaka altareni, kumshikia maua, kumpangusa jasho na machozi. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu anayekimbia chooni.

Sasa hapo ndipo penye shida, kwa sababu yaya Masika ana ugonjwa ambao Wazungu wanauita maladie coeliaque, yaani tumbo lake na ngano havikai nyumba moja. Si kwamba haipendi. Tumbo lenyewe linakataa: mkate hapana, chapati hapana, mandazi hapana, makaroni hapana, mchuzi uliotiwa unga wa ngano ili uwe mzito hapana, na hata bia hapana kwa sababu ya shayiri. Na usifikiri ni kipande kikubwa tu kinamdhuru, makombo yanatosha, hata mwiko uliogusa ngano ukisongea bugali yake ya muhogo, basi, amelala kitandani amejikunja kama mdudu. "Pour moi, c'est du poison," aliniambia, kwake yeye ni sumu, na mimi neno hilo likanikaa kichwani vizuri sana, vizuri kupita kiasi.

Butembo nyumbani hakukuwa na taabu, Mama alimtengea sufuria yake na sahani yake. Lakini tulipokuwa tunapanda gari Ijumaa kuteremka Beni, Mama alinivuta sikio mbele ya watu wote.

"Kakule, weye unajuaka Français, unajuaka kusema-sema. Utakaa karibu na yaya yako saa yote. Akikula ngano akagonjwa, kesho mbele ya altare atasimama weye."

"Mama, mimi ni mwanaume."

"Ile robe ya rose itakutosha. Uko mwembamba."

Nikajiona ndani ya gauni la waridi la yaya, nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulipofika Beni kwa Tante Kahindo, tukakuta wamama wanakanda mandazi ya ndoa, beseni kwa beseni, na unga umepaa hewani kama ukungu wa Lubero asubuhi, mtoto mmoja anapiga chafya anatoka mweupe. Yaya Masika alisimama mlangoni, akaangalia, akarudi nyuma taratibu kama mtu aliyeona nyoka. "Kakule," akasema kwa Kifaransa, "tukule inje." Nikamwambia hakuna shida, yaya, mimi Beni ninaijua (nilikuwa nimefika mara moja, kwa kilio). Tukatembea mpaka mtaa wa komine Ruwenzori, tukaingia malewa ya Mama Kavira, nyumba ya kula ya mabati na mabenchi, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na ya samaki inakufuata mpaka barabarani. Palikuwa pamejaa: bamotard, mwalimu mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa, mwanajeshi mmoja pembeni na sahani ya maharagi, na wamama wa soko.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu uamuzi mdogo ulioharibu yote ndio huu. Nilitaka kumwambia Mama Kavira kwamba yaya ana ugonjwa wa tumbo. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Beni! Baada ya ule ugonjwa wa kutoka damu uliotufundisha wote kunawa na klorini na kusalimiana kwa kiwiko, unasimama vipi ndani ya malewa ya Beni unasema, "Huyu mgeni ametoka mbali na tumbo lake ni gonjwa"? Watu wangeshatoka na sahani mikononi. Donc nikatafuta neno lingine, neno zuri, la heshima, ambalo mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha: mwiko. Mtu mwenye mwiko wa kitu fulani ni mtu aliyekatazwa kukila, tangu kwa babu zake, na hakuna anayemuuliza zaidi. Nilijipongeza. Nikasema moyoni, Kakule, weye ni diplomate.

"Wasingya, mama," nikamsalimu kwa heshima zote. "Huyu ni yaya yangu, ametoka Ulaya. Iko na mwiko ya ngano."

Mama Kavira, mwanamke mkubwa, kitambaa cha kichwa kimesimama kama taji, akaacha kufuta meza.

"Mwiko ya ngano? Huyu?"

"Ndiyo, mama. Tangu kuzaliwa."

"Na kule Ulaya anaendelea nayo?"

"Kila siku, mama. Hata siku moja hawezi kuiacha."

Akapiga makofi. "Eeeh! Batoto bengine bakifika Ulaya banasahauka kwabo, huyu hapana! Kaa, mutoto yangu, kaa! Mimi ni muntu wa Alimbongo. Leo mutakula!"

Yaya Masika akaniuliza amesema nini. Nikamwambia: "Amesema anaheshimu mwiko wako." Akafurahi sana, akamwambia Mama Kavira, "Aksanti! Batoto bako wazima?"

(Nyinyi wenye akili mmekwisha kuona shimo. Mimi wa kwanza darasani kwa Kifaransa, sikuliona.) Kwa sababu mwiko, wapenzi wangu, ni katazo kwa mwalimu wetu na kwa vitabu, lakini kwa mama aliyezaliwa na kukulia jikoni, mwiko ni ule ubao wa kusongea bugali, na si kitu kingine. Na kule Alimbongo, kwenye baridi, ngano wanailima wenyewe, na kwao Mama Kavira binti akikua alikuwa anapewa mwiko wake wa kusongea bugali ya ngano, mnene, kwa sababu ngano inashika kama gundi, na akiolewa anakwenda nao. Kwa hiyo nilichomwambia yule mama ni kwamba: huyu binti wa Ulaya ana mwiko wake wa bugali ya ngano tangu kuzaliwa, anasongea nao kila siku, na hata siku moja hawezi kuuacha.

Ndani ya Beni yote, siku ile, palikuwa na bugali ya ngano katika sufuria moja tu, nami niliiagiza.

Ikaja. Mlima! Ya rangi ya udongo kidogo, inatoa moshi, pembeni samaki na sombe. Nikafikiri wamechanganya muhogo na ulezi, tunavyofanya wakati mwingine. Yaya Masika akanusa, akaniuliza kwa Kifaransa chetu.

"Kakule, mbona inanukia kama mukate?"

"Yaya, hiyo ni njaa."

"Una hakika ni manioc, muhogo?"

"Manioc safi," nikasema, tena nikamkonyeza, Mungu wangu.

Akanawa, akakata tonge, akalifinyanga taratibu kama mtu wa mji asiyetaka kujiunguza, akalichovya kwenye sombe, akalipandisha. Na hapo Mama Kavira akatoka jikoni na mwiko wake mkononi, mrefu kama kasia, umefunikwa na bugali, akautikisa juu ya vichwa vya watu kwa furaha yote: "Muone mutoto wa kwetu! Ngano ya Alimbongo, yenye nimesonga kwa mwiko ya mama yangu! Kula, mwana!"

Ngano.

Niliona vitu vyote kwa mara moja: yaya amejikunja, Tante Kahindo analia bila mtu wa kumpangusa, mimi ndani ya robe ya rose. Tonge lilikuwa limebakiza kidogo tu kugusa mdomo wa chini. Nikampiga yaya mkono, tonge likaruka, likapita juu ya meza ya mwalimu, likaangukia kwenye maharagi ya mwanajeshi, maharagi yakarukia shati jeupe la mwalimu, na mimi, kwa sababu ubongo wangu ulikuwa na neno moja tu tayari, nikapiga kelele kwa sauti ya mtu anayeona moto:

"Usikule! Ni sumu!"

Kama wewe si wa huku, nikuambie tu kwamba neno hilo kwetu halitamkwi ndani ya nyumba ya kula. Watu huku wanaogopa sumu kuliko mvua ya mawe. Wakalipuka wote mara moja! Mama wa soko akatema. Motard mmoja akatia vidole kooni. Mwingine anaita, "Maziwa! Nani iko na maziwa?" Mwanajeshi aliangalia tonge lililolala ndani ya maharagi yake, akasukuma sahani kwa ncha ya kidole, akasema taratibu, "Nzambe na ngai, Mungu yangu, ndani ya yangu mimi?" Yaya Masika ananivuta shati: "Quoi? Quoi? Amesema nini? Umesema nini?"

Mama Kavira alikuja mpaka mbele yangu. Hakuwa na haraka. Mwiko bado uko mkononi.

"Mutoto ya nani, weye?"

Nikataja jina la baba kwa sauti ndogo.

"Sema nguvu, batu basikie."

Nikalitaja. Nikataja na la mama. (Mpaka jioni Mama alikuwa amekwisha pata ujumbe kutoka kwa watu asiowajua.)

"Mimi napikia batu hapa tangu hujazaliwa, leo weye unaniita mulozi, muchawi?" Akakata tonge kubwa kutoka kwenye sahani ya yaya, akala. Akatafuna macho yamenikazia. Akameza. Akafungua mdomo, watu waone. Halafu akanisogezea sahani. "Sasa weye. Maliza yote. Bote bakuone, ndiyo jina yangu irudi."

"Mama, mimi nilitaka kusema..."

"Kula kwanza. Utasema ukiwa muzima."

Basi nikala. Bugali ya ngano, jamani, si chakula cha mchezo: inashuka taratibu, ikifika chini inakaa, haihami. Watu wakasogeza mabenchi, wakanizunguka kama watu wanaongoja goli. Mwalimu, na maharagi yake kifuani, akasema kwa ukali, "Tafuna vizuri, tusidanganywe." Yule motard wa vidole kooni akachungulia saa ya simu yake.

"Atakufa saa ngapi huyu? Mimi niko na client."

"Ngoja," mwenzake akamwambia, "ingine inachelewaka."

Nikafikia nusu ya mlima, jasho linatoka, ndipo yaya Masika alipochoka kuuliza watu "quoi?" akasimama. Akagusa tumbo lake. Akaionyesha sahani. Akasema, polepole, kwa Kiswahili chake cha simu, mbele ya malewa nzima:

"Mama. Mimi, ngano, hapana. Tumbo yangu inakataa ngano. Muhogo, ndiyo. Sufuria safi, mwiko safi, ndiyo. Sumu, hapana! Yeye," akaninyoshea kidole, "bête."

Neno la mwisho, yaani mjinga, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Mama Kavira akamwangalia, akaniangalia mimi, mashavu yamejaa bugali. "Ni hivyo tu? Tumbo inakataa ngano? Mutoto wa jirani yangu anakatazwa karanga, napikiaka yeye pembeni kila siku ya Mungu. Sasa weye ulishindwa kusema nini?"

Nikameza, nikakata tonge lingine.

Malewa ikapasuka kwa kicheko, mwanajeshi anapiga meza, mama wa soko anajifuta macho kwa kitenge. Mama Kavira akamshika yaya mkono, akamnawisha kwa sabuni, akamwingiza jikoni aone kwa macho yake: sufuria iliyosuguliwa upya, mwiko mpya uliotumwa kununuliwa sokoni, unga wa muhogo kutoka kwenye mfuko wake, samaki wa kuchemsha si wa mafuta ya mandazi. Yaya alikula mpaka akalamba vidole. Mimi nikataka kusukuma sahani yangu pembeni kidogo. Mama Kavira akauliza kutoka jikoni, bila hata kugeuka: "Umemaliza?" Nikaendelea.

Jumamosi yaya Masika alisimama altareni amenyooka kama mshumaa, akashika maua, akampangusa Tante machozi, jioni akacheza mpaka viatu vikakatika. Nilisikia hivyo, kwa sababu mimi ndoa yote niliifuata kupitia dirisha dogo la choo cha parokia, tumbo limevimba kama ngoma, na kila aliyekuja kugonga mlango aliuliza, "Ni yule wa sumu?" nami nikajibu ndiyo, ni mimi, nenda kwa jirani. Yaya alikuwa amewasimulia meza nzima ya maarusi, na vitendo, mpaka na sauti yangu.

Kwa hiyo nimeapa. Nikisindikiza tena mtu mwenye tumbo la kukataa, nitasema tumbo linakataa, kwa maneno ya mtoto mdogo, nitaingia jikoni niangalie sufuria, na uhodari wangu wa lugha nitauweka kwa ajili ya mtihani. Na lile neno nililolipigia kelele malewani nimelifuta mdomoni kabisa. Hata nikitegea panya dawa ya kuwaua nyumbani, nikiona mgeni anakaribia chambo, nitamwita pembeni, nimshike bega, nimweleze taratibu.