Askari wa Geti

Barua ilikuwa na mistari mitano. Niliipokea dirishani, katika ofisi ya wakimbizi hapa Koboko. Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, kwa hiyo nikampa mama mmoja wa kwenye foleni anisomee. Alisoma kimya kwanza. Nikaona midomo yake imesimama.

"Baba, wamekataa ombi lako la ukimbizi," akasema. "Wanasema wako na habari ya siri juu yako."

"Habari gani?"

"Si ndiyo siri, baba."

Nikarudi dirishani. Karani ni wa kwanza katika wale nitakaowataja hapa. Nawataja kwa kazi zao tu, maana loya wangu amenikataza majina mpaka mambo yaishe. Karani akasema faili haionyeshwi, aliyetoa habari analindwa, nikitaka nikate rufaa.

"Nitajibu nini, na sijui nimeulizwa nini?"

"Mzee, pisha wengine."

Nilitoka Yei, ng'ambo ya mpaka, na nguo moja na jeraha la paja ambalo mpaka leo linajua mvua kabla yangu. Ndugu zangu wawili walibaki barabarani, na waliowaua wanaijua sura yangu. Kwangu mimi kurudishwa kule ni kupelekwa kwao. Kwa hiyo tangu ile barua nililala na viatu miguuni. Gari nyeupe ikipunguza mwendo karibu na nyumba yetu, mimi nilikuwa tayari nyuma ya choo.

Nikaanza kuwatazama watu. Nani amenisema? Nikiwakuta wanaongea kisimani na wakanyamaza, niliona walikuwa wananisema mimi. Mwisho nikakata shauri kwamba ni mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mkulima wa Dranya, hapo jirani. Mbuzi wake walikula muhogo wangu, tukagombana mbele ya watu, akaniambia, "Wewe ulikuja na miguu mitupu, leo unanifundisha kufunga mbuzi?" Hayo yalinitosha. Sikuhitaji shahidi mwingine.

Mama mkwe alipofariki, sikwenda kuzika. Nilijua shemeji atakuwepo, na sikutaka kushika mkono ulioniuza. Kwetu mkwe asiyetupa udongo kwenye kaburi la mama mkwe amejitoa mwenyewe katika ukoo. Mke wangu alikwenda peke yake. Aliporudi aliniwekea ugali mezani, yeye akala jikoni peke yake, siku ile na wiki ile nzima.

Rufaa ya Kampala ikakataliwa vilevile: habari ya siri. Ndipo loya, msichana mdogo kuliko binti yangu, akaipeleka mahakamani Arua. "Mzee, jaji hatakupa ukimbizi," akanieleza. "Tunamwomba aseme kwamba ulihukumiwa bila kusikilizwa. Basi."

Siku ile, mlangoni pa mahakama, mlinzi alinipapasa mifuko akachukua kopo langu la ugoro, mbele ya macho ya jaji aliyekuwa anaingia. Ndani, loya akanikalisha kwenye benchi nyuma yake. Maloya wawili wakabishana sana. Loya wa serikali akasema siri ni siri. Jaji akamsikiliza, halafu akasema jina la mtoa habari lifichwe, hilo anakubali. Lakini maneno yenyewe, huyu mtu atayajibuje kama hayajui? Akaamuru kiini cha habari ile kisomwe.

Kikasomwa kwa Kiingereza. Mkalimani wa mahakama, mtu wa Koboko, akanigeuzia kwa Kiswahili chetu:

"Wanasema wewe ilikuwa askari muaminifu ya geti. Mutu hapana weza kupita wewe."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya jaji, na machozi yananitoka. Maana yale hayakuwa mashtaka. Ilikuwa sifa! Mtu fulani aliulizwa kama ananijua, akanisema vizuri kwa moyo wake wote.

"Mai lodi, geti ya hospitali!" nikapaza sauti kabla loya hajanizuia. "Mimi iko na rungu na tochi tu! Bunduki hapana!"

Jaji akamgeukia mkalimani. "Huko Koboko, askari ni nani?"

"Mai lodi, mwanajeshi iko askari. Polisi iko askari. Na ule anashika geti yako, hata yeye askari."

"Huyu aliyechukua ugoro wa mzee?"

"Askari, mai lodi."

Watu wakacheka. Mimi kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliwaza mkalimani wa ofisi, aliyesikia "askari" akaandika mwanajeshi. Niliwaza ofisa aliyeona kwamba sikutaja jeshi akaniita mwongo. Niliwaza kamati iliyosaini ile barua. Hao ndio walioniuza. Wangenitajia neno moja tu, ningelijibu kwa pumzi moja. Walilifungia ndani, likaoza.

Hukumu ilipotoka, jaji alifuta uamuzi ule: nisikilizwe upya, na niambiwe ninachotuhumiwa. Watu wa kanisa letu wakapiga vigelegele. Loya hakupiga. "Mzee, bado wanaweza kukataa. Lete mtu aliyekuona kazini kwa macho."

Upande huu wa mpaka yuko mmoja tu ninayemjua. Zamani alikuwa akivuka na baiskeli kuuza mkaa katika jiko la hospitali ya Yei, na mimi ndiye nilikuwa namfungulia geti.

Nilimkuta Dranya ananoa jembe. Hakusimama.

"Karibu, mtu wa mahakama."

"Shemeji, nimekuja."

"Naona. Mama yangu alikungoja siku mbili ndani ya sanduku. Leo ndiyo umefika?"

Nikamweleza yote, barua, jaji, neno askari. Nikamwambia pia kwamba nilidhani ni yeye. Akaacha kunoa.

"Ulinidhania mwaka mzima?"

"Zaidi."

"Na hukuja kuniuliza." Akalitazama lile jembe. "Wewe ulipata jaji wa Arua. Kesi yangu mimi, nani aliisikiliza?"

Nikainuka, nikijua nimepoteza shahidi na kwamba nimestahili.

"Kaa," akasema. "Tarehe gani?"

Nikamtajia.

"Nitakuja. Lakini sitaingia chumba cha siri. Nitasema wewe ukiwa umekaa palepale, usikie kila neno."

Tarehe yenyewe bado siku kumi na moja. Kila asubuhi nampigia simu, kuhakikisha hajabadilisha mawazo. Jana hakupokea.