Daktari Machage Avua Shati

Daktari Machage alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umehamia mwilini mwake na kujenga. Kwa miaka mingi alikuwa daktari pekee wa upasuaji katika kituo cha afya upande wa Ringwani. Mtoto akikwama tumboni mwa mama, anaitwa yeye, awe mezani anakula au kanisani anasali.

Tangu mvua za mwaka jana kifua kilikuwa kinambana. Majuzi, tumbo la mama mmoja likiwa wazi, giza lilimshukia machoni akaegemea ukuta. Sista Philomena, muuguzi wake, alimshika kiuno hadi giza lilipopita, wakamaliza kushona. Mama na mtoto walipona. Philomena hakumwambia mtu, ila tangu siku hiyo alimtazama daktari wake kama nguzo iliyoingiliwa na mchwa.

Angesema tu, "Nimechoka, siwezi." Lakini mwanamume wa Kikurya aliyetahiriwa bila kupepesa jicho ataanzia wapi kulalamikia kifua? Ndiyo maana baraza la madaktari lilipotaka watu wa umri wake wapimwe afya kabla ya kuongezewa leseni, wenzake walinung'unika, yeye akafurahi kimoyomoyo. Hatimaye mtu mwingine angelisema neno lile kwa niaba yake.

Akapanda basi mpaka Mugumu, katika hospitali aliyopangiwa. Heri angepangiwa mgeni wa kutoka Bukoba! Mpimaji alikuwa Daktari Waitara, mtoto wa Mzee Nyangwine wa Tarime, na Nyangwine na Machage walitahiriwa msimu mmoja. Kwa Wakurya hapo hakuna mjadala: mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako, na mtoto haangalii mwili wa baba yake.

Waitara alisimama alipomwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzee hajambo?"

"Hajambo, ni ng'ombe tu wanamsumbua."

Akamsogezea kiti, akaagiza chai. Akampima presha juu ya mkono wa shati, macho yake yakiwa dirishani.

"Uko vizuri, baba. Presha imepanda kidogo, ni hiyo safari. Naandika unafaa kwa kazi."

"Hujasikiliza moyo."

"Baba, wewe si ndiye daktari? Unajijua kuliko mimi."

Hapo hasira ikampanda Machage. Heshima gani hii inayomzika mtu angali anatembea? Maisha yake yote aliwagombeza wazee waliong'ang'ania nguo zao mbele yake, akawaambia mficha uchi hazai. Leo ameleta uchi wake mwenyewe, na mpimaji anamwagizia chai!

Akaanza kufungua vifungo vya shati. Waitara akageukia ukuta.

"Geuka huku, Waitara."

"Baba, ni soni. Mzee akisikia..."

"Nitamwambia mimi mwenyewe. Humu ndani leo hakuna baba, kuna mgonjwa. Nusura nimwangukie mwanamke akiwa amepasuliwa, unanisikia? Angekuwa mke wako?"

Waitara akageuka. Akaweka kipimo juu ya kifua kile chenye mvi. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akarudi mbele tena. Kisha akampeleka kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo, na waliporudi ofisini hakuna aliyegusa chai.

"Mapigo yanaruka, baba. Moyo umechoka sana. Na ulikuwa unapasua watu hivyohivyo?"

"Nani mwingine angepasua?"

"Chumba cha upasuaji basi tena. Naandika hufai."

Sentensi hiyo Machage aliisubiri kwa miezi, akidhani itakapokuja ataitua mizigo yake yote mlangoni alale siku nzima. Imekuja, na badala ya raha alishikwa na hofu. Aliiona barabara ya Ringwani wakati wa mvua, na mwanamke amelazwa nyuma ya pikipiki, mume akimshikilia asidondoke.

Alijaribu kufunga shati, vidole vikagoma. Waitara akainama akamfungia, kifungo kimoja baada ya kingine, kama amvikavyo mtu mzazi wake aliyezeeka.

"Akina mama wa kule," Machage aliuliza, "watapasuliwa na nani?"

Waitara alimtazama usoni, wala hakuinamisha macho. Kisha akavuta fomu, akaandika: hafai.