Spea za Safari ya Kurudi

Mwezi uliopita nilipanda tena hadi kwetu Boito kuuza Landrova ya marehemu baba. Mnunuzi alikuwa kijana wa mjini, mmoja wa hawa wanaopenda magari ya zamani, na alikuja na fundi wake. Nilipowafungulia banda, harufu ikanipiga usoni: petroli iliyolala, grisi, na vumbi la majani ya chai tuliyokuwa tukibeba kwa magunia. Nikashika mlango kwanza. Kama umewahi kurudi kwenye gari lililokulea, unajua ninalosema.

Miaka ile ya tisini gari lilikuwa letu kwa jina tu. Masika yakianza, barabara yetu iligeuka uji, na hakuna kingine kilichoweza kupanda ile milima. Landrova ilishusha wajawazito hospitali, ikarudisha maiti nyumbani, ikapeleka chai kiwandani Mogogosiek malori yakikwama. Kwa hivyo kila mwaka, kabla ya mvua, baba aliifanyia sevisi mwenyewe. Plagi alizipima nafasi kwa wembe. Pointi, vile vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana ili moto ufike kwenye plagi, alizisugua kwa msasa. Kabureta iliogeshwa ndani ya sufuria ambayo mama alikuwa ameitafuta tangu asubuhi, na hapo ungesikia kelele! Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye usukani. "Piga!" baba angesema, nami ningegeuza ufunguo, yeye ameinama, ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni. "Injini haidanganyi," alipenda kusema. "Ni watu tu."

Spea zilitoka Silibwet, kwa mzee mmoja Mkikuyu aliyefungua duka pale kabla sijazaliwa. Mzee yule alikuwa na sheria yake: hata ungekuwa chifu, hakukuuzia kipya kabla hujamletea cha zamani. "Leta ya kwanza tuone," angesema. Alivilaza viwili sambamba juu ya gunia, akavigeuza, akavipima uzito mkononi. Kama kipya hakikumridhisha, alikirudisha mwenyewe kwenye rafu. "Ngai! Wacha hiyo, mzee. Hiyo itakuacha njiani na mgonjwa."

Baba na mzee wakiwa wanabishana hivyo, mimi na binti wa mzee tulikuwa nyuma ya duka tukichagua nati na bolti. Mama yake alikuwa amefariki, naye akalelewa na baba yake na harufu ya mipira mipya. Yeye alinipa githeri, mahindi yao na maharagwe, mimi nikamletea mursik, maziwa yetu ya kibuyu yanayotiwa mkaa. Alipoona rangi ya mkaa akaniuliza, "Kwani kwenu maziwa huungua?" Baadaye ni yeye aliyekuwa akinisumbua nimletee. Nilimpenda yule msichana kuliko dada zangu wa damu, na sioni haya kusema.

Kisha maneno yakaanza. Ilikuwa miaka ya siasa za vyama vingi. Kwenye kituo cha kuuzia chai watu wakaanza kunong'ona, kwamba Wakikuyu waliotoka Mkoa wa Kati warudi kwao. Rafiki yangu alizaliwa hapo hapo Silibwet. Akaniuliza, "Kwetu ni wapi?" Wenye malori wakakataa kumbeba yeye na baba yake kwa hofu. Baba alikasirika mpaka chakula kikamshinda. "Mtu amekuchagulia spea ya kumpeleka mama yako hospitali, leo umwite mgeni? Ni aibu!" Mama akamwambia anyamaze, kuta zina masikio.

Jumamosi moja mzee na bintiye wakaja kwetu kwa miguu, wakipitia katikati ya chai, koti la mzee limejaa spea. Baba, kwa mazoea, akamletea mkebe wa vyuma vyake vya zamani. Mzee akausukuma kando.

"Leo hatupimi," akasema.

Akatoa zile alizokuwa akizificha kwa siku mbaya, plagi na pointi, seti mbili. Moja waliifunga pamoja alasiri ile, hakuna aliyefanya mzaha. Ya pili, imefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, akaiweka mkononi mwa baba. "Hizi ni za kunirudisha. Mambo yakitulia, uzifunge uje unichukue."

Mimi nilikuwa kwenye usukani, rafiki yangu kando yangu, kiti cha katikati. Nilijua injini ikikubali, wataondoka. Nikaomba Mungu ikatae, na nilikuwa na tumaini, maana gari lile halikuwahi kuwaka mara ya kwanza hata siku moja.

"Piga!"

Nikapiga. Wui! Ikawaka papo hapo, ikatulia, haikukohoa hata kidogo. Baba hakuhitaji bisibisi. Mzee akageuka upande, akajipangusa macho kwa kitambaa cha grisi. Niliichukia ile injini.

Wakaondoka Jumapili watu wakiwa kanisani, ili njia iwe wazi. Nyimbo zilisikika kutoka ng'ambo. Mama akawapa kibuyu cha mursik, na rafiki yangu akaniambia kwa sauti ya amri, "Usiache mtu akae kiti changu." Baba aliwapandisha basi la Nyeri, akarudi Jumatatu jioni, akaliosha gari peke yake.

Mambo yakatulia, yakachafuka, yakatulia tena. Barua haikuja. Tulijua tu wameenda Nyeri, kana kwamba Nyeri ni nyumba moja. Duka likashikwa na wengine, na hao hawakuuliza ya zamani. Kila mwaka, kabla ya mvua, baba alisugua pointi zile zile. "Si kuna mpya chini ya kiti?" mama angemuuliza. "Hizo zina kazi yake." Mpaka mwaka mmoja gari likakataa kabisa, akashusha boneti, na chai ikaanza kubebwa mgongoni.

Basi, fundi wa yule kijana akazitoa zile pointi, zimelika zikawa nyembamba kama ukucha. Akapekua chini ya kiti, akapata pakiti. Akavilaza vyote viwili sambamba juu ya gunia, bila kujua alichokuwa akinifanyia.

"Mama, hizi ni mpya kabisa! Nikifunga, inawaka sasa hivi."

Nikazifunika kwa kiganja. Nikamwambia atafute zake mjini. Najua alidhani ni uchoyo.

Wakalivuta kwa kamba, likapita kati ya chai ambayo siku hizi inakatwa na mashine, kiti cha katikati kitupu. Pakiti iko kwangu, sijaifungua. Lakini leo hata wakiniita niende kuwachukua, nitawaendea na nini?