Léonise Cabrion na Wafagiaji wa Montreuil

Léonise Cabrion alikuwa mweusi kunishinda mimi, na mimi si haba. Lakini akifungua dirisha lake la ghorofa ya saba, alituita "nyinyi Waafrika" kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku waliovamia unga.

Hosteli yetu ilikuwa ng'ambo ya barabara, pale Montreuil, Paris inapoishia. Tulikuwa wanaume watupu, Wasoninke wa bonde la mto Senegal, tumepangwa chumbani kwenye vitanda vya juu na chini kama mikate dukani. Wengi wetu tulifagia mitaa ya jiji. Uani walikuwapo wapishi wetu, kinyozi, fundi cherehani na sonara, na alfajiri wapishi walianza kutwanga.

"Hee! Nyinyi Waafrika!" Léonise alikuwa akipiga kelele. "Huo mchi wenu hauna adabu? Watu wametoka zamu ya usiku huku!"

Mzee Diadié Tandia, mkuu wa watu wa kijiji chetu, alikuwa akiinua kichwa polepole. "Shuka utusaidie kutwanga, mama, tumalize mapema."

"Mimi si mwenzenu! Mimi nimezaliwa Mfaransa!"

"Nasi tumezaliwa uchi, mama. Nguo ndizo zimetutenganisha."

Ua mzima uliangua kicheko. Siku moja nilimwona naye akivuta pazia haraka, mabega yakimtikisika.

Alichosema kilikuwa kweli. Alizaliwa Marie-Galante, kisiwa kidogo cha Guadeloupe, kule Karibiani, katika nyumba ya wakata miwa, na huko mtoto anazaliwa raia wa Ufaransa. Alipokuwa msichana, ofisi ya serikali ilipita visiwani ikitafuta vijana wa kuja kufanya kazi. Ilimpa tiketi ya meli, ya kuja tu, pamoja na ahadi ya kusomea uuguzi. Alipofika, wakamweka katika nyumba moja shambani afundishwe kupiga deki na kutandika vitanda vya mabibi. Alilia, akafanya kazi za ndani miaka kadhaa, kisha akafanya mtihani wa hospitali akafaulu. Tangu hapo alikuwa mhudumu wa wodi, mwajiriwa wa serikali, mwenye likizo, matibabu na pensheni. Mumewe, Sosthène, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole, alichambua barua posta. Kila baada ya miaka michache serikali iliwalipia ndege kwenda kwao kusalimia.

Sisi tulikuja kwa njia zetu. Tulipanga foleni alfajiri nje ya ofisi ya vibali, kwenye baridi, na tukiambiwa rudi kesho tulirudi kesho. Kwa hiyo ukitupima kwa macho, yeye alikuwa juu, sisi chini, kama dirisha lake na ua wetu. Ila polisi hawakuwa na macho hayo. Nilimwona siku moja kwenye stesheni wamemsimamisha pamoja nasi, ukutani, "Karatasi zako!" Alitoa kitambulisho chake cha uraia akakishika mbele ya uso wa yule kijana kwa muda mrefu. Nilitazama chini ili asijue kwamba nimeona.

Sosthène alifariki Januari ile ya baridi kubwa, moyo ulimsimama akiwa mezani. Kwao Guadeloupe msiba haulali kimya. Watu hujaa, ngoma hulia, wasimulizi hutania marehemu mpaka mjane mwenyewe acheke. Lakini ndugu na marafiki zao walikuwa wametawanyika vitongoji vya mbali, na siku ya mazishi theluji ilifunga njia, treni nyingi zikalala. Walifika watu wachache, wamevaa meusi, na mpiga ngoma mmoja mzee ambaye majirani walimgongea ukuta anyamaze.

Mimi nilikuwa nje nikisukuma theluji na koleo. Niliona gari la maiti limesimama, na wafanyakazi wake wawili wanabishana mlangoni. Lifti ilikuwa mbovu. Ngazi zilikuwa nyembamba, Sosthène alikuwa mzito, na walikuwa wanasema itabidi kuahirisha.

Sauti ya Léonise ilishuka kutoka juu ya ngazi. "Kuahirisha? Mume wangu ni furushi la posta?"

Niliacha koleo nikakimbia hosteli. Mzee Diadié alikuwa anakunywa chai. Nilipomweleza, aliweka glasi chini.

"Mtu hashushwi na wawili," alisema. "Amsheni watu."

Wakatoka. Walitoka waliorudi kazini na waliokuwa wamelala, wenye vibali na wasio navyo, wengine na sare za kijani za kufagia, wengine na mablanketi mabegani. Hawakuulizana. Walipanda zile ngazi wakajipanga ukutani pande zote mbili, kutoka mlango wa Léonise hadi barabarani. Jeneza likainuliwa. Halikubebwa na mtu yeyote hasa; lilipita, mikono kwa mikono, juu ya vichwa, linazunguka kona za ngazi taratibu bila kugusa ukuta. Ulisikia pumzi tu, na viatu vya Léonise vikifuata nyuma, kidato kwa kidato. Nilikuwa ghorofa ya tatu. Lilipofika juu yangu nilihisi uzito kwa kitambo tu, kisha ukaondoka. Sijawahi kuona wala kusikia kitu kama kile, na nimezika watu wengi.

Kanisani hatukuingia. Tulisimama nje kwenye theluji mpaka ibada ikaisha.

Makaburini Mzee Diadié alimsogelea mjane. "Pole sana, mama. Sasa hapa mnamweka kwa muda tu? Atarudishwa kwao lini?"

Léonise alimtazama. "Kurudishwa na nani, baba? Ndege ya maiti unaijua bei yake? Harudi. Tumekwama hapa, yeye chini, mimi juu."

Wazee walitazamana. Hili lilitushtua kuliko kifo chenyewe. Kwetu hosteli hata mfagiaji asiye na kibali, akifa, alirudi kulala kando ya baba yake, kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mfuko wake wa kufa na kuzikana na hakuna aliyethubutu kuruka mchango. Na huyu hapa, raia, mtumishi wa serikali, mumewe anazikwa ugenini kama mtu aliyeokotwa!

Wiki iliyofuata Léonise alivuka barabara. Alikuwa na sufuria kubwa la mchuzi wa mbuzi wa binzari, wanavyoupika kwao.

"Ni mbuzi," alitangaza mlangoni. "Msinitazame hivyo. Nguruwe nimemwacha nyumbani."

Akakaa nasi uani, akala kwa mkono. Aliangalia kamba za nguo, dari iliyokuwa inavuja, watu wanaosubiri zamu ya kitanda. "Hebu niambieni," alisema. "Kazi mnafanya, pombe hamnywi, mnakula wali mchana na usiku. Hela mnazizika wapi?"

"Tunajenga," nilimjibu.

"Mnajenga nini?"

"Tumejenga msikiti, shule, tangi la maji. Na sasa nyumba ya wazazi, wanawake wajifungulie."

Alicheka mpaka akafuta machozi, kicheko chake cha kwanza tangu msiba. "Wafagiaji wamejenga hospitali! Dramane, mwanangu, mimi ni mjane, si mtoto."

"Basi nenda ukaone," alisema Mzee Diadié. Hakuwa anacheka.

Na alikwenda. Likizo yake ilipofika hakuchukua ndege ya Guadeloupe. Wenzake wa hospitali, watu wa visiwani, walimsimanga. "Afrika? Utafuata nini huko, wakurudishe mifupa?" Akawajibu, "Wakinila, wataniosha kwanza. Ni watu safi." Mimi nilikuwa nakwenda likizo, kwa hiyo tulisafiri pamoja. Kutoka Dakar tulipanda treni, tukapanda lori, vumbi likatupaka rangi moja.

Kijiji chetu, Gunjané, kiko kwenye uwanda mtupu kando ya mto. Ukikikaribia, kitu cha kwanza kuona ni tangi la maji juu ya nguzo zake, jeupe. Unaliona kwa mwendo mrefu kabla hujaona nyumba hata moja. Léonise aliliona akiwa juu ya magunia. Alisimama, akashika ubao wa lori.

"Lile?"

"Lile."

Tulipofika alikwenda moja kwa moja penye bomba, akalifungua, akaweka mkono. Alifunga, akafungua tena. Kisha akaenda nyumba ya wazazi. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, ina vitanda vyenye shuka zilizonyooka na mkunga wa serikali, msichana kutoka mji wa Thiès, aliyekuwa anapima tumbo la mama mmoja. Léonise alipita akigusa kila kitanda kwa ncha za vidole. Nilijua anaona nini, maana nami nilikuwa nakiona: mitaa yote ya Paris tuliyofagia, na chumba chetu, na ile dari.

"Mimi nimefanya kazi hospitali kubwa maisha yangu yote," alisema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kusema hii ni yangu."

Lakini hakuwa mtu wa kuona upande mmoja. Jioni hiyo alimwuliza mke wangu, Goundo, nami nikitafsiri, "Nyumba nzuri, maji mnayo. Unamwona huyu mwanamume kila baada ya muda gani?"

Goundo alinikata jicho. "Huyu? Huyu mume wangu wa picha. Mwanangu wa pili alimwamkia 'shikamoo mgeni'. Bomba linanipa maji, mama, lakini halinijibu nikiliongelesha."

Wanawake waliokuwapo wote walicheka. Léonise alikuwa amekula chakula cha jioni na Sosthène karibu kila siku ya ndoa yao. Hakulisema hilo pale, aliniambia mimi baadaye.

Kesho yake walitokea kina mama wa kijiji kuja kumwamkia, wakaongozwa na Sirandé Tandia, dada mkubwa wa Mzee Diadié. Sisi Wasoninke hatusalimiani kwa jina la mtu. Tunasalimiana kwa jina la ukoo, unalitaja na kulirudia, na kwa kulirudia unawaamkia baba zake wote. Sirandé alimshika mkono mgeni akaniuliza mimi, "Ukoo gani huyu?"

"Cabrion," Léonise alijibu nilipomtafsiria.

"Cabrion ni watu wa wapi? Babu yao nani?"

Léonise alinigeukia. "Mwambie si jina la babu. Mababu zetu walipoachiwa huru, karani aliketi mezani akawapa majina, moja moja, lolote lililomjia. Ya nyuma yake hayajulikani. Walipelekwa kwa meli kutoka upande huu. Wapi, hakuna anayejua."

Nikatafsiri. Bibi Sirandé hakuachia ule mkono. Aliugeuza, akautazama, akamtazama usoni kwa muda mrefu sana.

"Basi amepita miaka yote hiyo hajasalimiwa," alisema.

Aligeuka akazungumza na wenzake chinichini. Kisha akasimama wima, mzee yule aliyekuwa hasimami bila mkongojo, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Tandia!"

Na wanawake wakaitikia mmoja mmoja wakimpa mkono: "Tandia. Tandia. Tandia." Wakaja wanaume, wakaja watoto wa shule. Jua lilipanda, watu hawakuisha. Léonise alipokea kila mkono. Nilimwona midomo ikimchezacheza, kisha akaanza naye kujibu, kwa matamshi yake ya visiwani, akiwataja watu koo zao kadiri nilivyomnong'oneza. Mimi nilikulia katika salamu hizo, nikizitupa njiani kama maganda ya karanga. Siku ile nilizisikia kwa mara ya kwanza.

Aliporudi Montreuil aliwaita wenzake wa hospitali na wenzake Sosthène wa posta nyumbani kwake, akawasimulia jeneza, bomba na mfuko wetu. Walibishana hadi koo zikawakauka. "Sisi ni Wafaransa, serikali ipo!" mmoja alisema. Léonise akamwonyesha kiti cha Sosthène. "Serikali ilikuwapo na siku ile. Ilikwama kwenye lifti." Wakaanzisha mfuko wao wa kuzikana, nao Mzee Diadié akaalikwa kuwaeleza unavyoendeshwa. Mwaka wa tatu Sosthène alifukuliwa akarudishwa Marie-Galante, na ngoma zikalia kwake usiku kucha bila mtu kugonga ukuta.

Nasi alitulipa kwa alichokuwa nacho. Alikuwa mwanachama wa siku nyingi wa chama cha wafanyakazi, anazijua haki na anajua kupandisha sauti. Mwenye hosteli alipotaka kututoa bila kutupa pa kwenda, Léonise alikuja na watu wa chama chake wakaketi nasi mlangoni. Alipanga foleni pamoja nami ofisi za nyumba, mwaka baada ya mwaka, akiwaambia makarani, "Huyu ni ndugu yangu, na mimi sina haraka." Nikapata vyumba viwili, na kwa vyumba hivyo nikapata ruhusa ya kumleta Goundo na watoto.

Walifika mwezi wa Machi. Léonise alikuwa uwanja wa ndege kabla yangu, ana makoti mkononi ya kila kimo. Goundo alitoka mlangoni akitetemeka, akanitazama, akafungua mikono.

"Ngoja," Léonise alisema, akamvika koti na kumfunga vifungo mpaka shingoni. "Vaa kwanza. Mume hapotei, nimemshika hapa."

Baada ya kustaafu Léonise alirudi Marie-Galante. Hupiga simu siku za Jumapili, analalamika kwamba huko wanamwita Mparisi na kwamba hakuna anayejua kutwanga.