Unga Mweupe wa Makokha

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa mke mpya wa miezi michache katika boma la wakwe zangu kando ya barabara ya Malaba, nilifunua rundo la muhogo kabla ya wakati wake. Mimi nilitoka Namboboto. Muhogo niliokua nao kwetu ulikuwa ule mtamu, wa kung'oa na kutafuna mbichi shambani. Sikujua kama kuna mwingine. Mama Taaka akaniona. Huyu alikuwa mjane wa baba mkwe wangu, mke wake wa mwisho, ambaye Mungu hakumpa mtoto. Alikuja mbio na uzee wake, akayarudisha majani ya mgomba juu ya rundo kama mtu anayemfunika mtoto mgonjwa, halafu akanigeukia.

"Wee mtoto ya Namboboto, unataka kuzika nani leo?"

"Mama, si umekauka?"

"Umekauka! Hata nyoka akikauka, meno bado iko. Toa mkono hapo."

Mkono niliutoa, na kwa aibu nikanuna. Lakini Mama Taaka hakuwa mtu wa kukukaripia akakuacha na machozi yako. Alinikalisha chini akanieleza. Muhogo mchungu, alisema, hauna ubaya, una hasira tu, na hasira haitoki kwa kupigwa, inatoka kwa kungojwa. Unaumenya, unaupa jua kidogo, unaurundika pembeni mwa nyumba na kuufunika kwa majani na magunia. Unauacha upate joto wenyewe, uote ukungu mweusi kama manyoya ya panya, mpaka mgeni akiingia adhani umeoza. Ukiubonyeza, kidole kikazama bila kusukumwa, hapo unakwangua ukungu, unauponda, unauanika tena hadi ukivunjwa ulie. Ndipo unausaga pamoja na mtama. Unga wake ni wa kijivu na una harufu yake. "Hiyo harufu," akasema, "ndiyo hasira inaenda nyumbani."

Shule ya misheni nilifika darasa la tatu, baba akasema inatosha. Kwa hiyo lile karipio la pembeni mwa nyumba ndilo darasa langu la nne, na sijapata kuona mwalimu aliyelipita.

Sasa nitataja watu. Wapo watakaosema mambo ya ukoo hayaanikwi nje. Muhogo usioanikwa unaua, mwanangu, na mambo ya ukoo ni hivyo hivyo.

Mvua za kabla ya Uhuru zilikuwa zimeharibu kila kitu. Kule Budalang'i mto Nzoia uliingia majumbani bila hodi, watu wakapanda huku kwetu na mikeka vichwani, na kila boma likawa na midomo ya ziada. Mtama ulioza ukiwa umesimama. Muhogo mtamu ulioza ardhini. Uliobaki ulikuwa mchungu, ule ambao hata panya anaupita akienda zake. Bei ya unga ikapanda, na bei ya unga ikipanda, mtu mwenye baiskeli hulala akiwa ameamka.

Mwenye baiskeli kwetu alikuwa Makokha, kaka mkubwa wa mume wangu. Baba yao alipokufa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa boma, na mume wangu Barasa alimwogopa kama mtoto anavyoogopa radi. Makokha alirudi siku moja kutoka Malaba amechangamka.

"Hii unga yenu ya kijivu inanuka kama soksi ya askari," alisema. "Watu wa stesheni wanataka kitu nyeupe. Mnamenya, mnakata nyembamba, mnaanika, kesho kutwa iko mashine ya posho. Mambo ya kurundika basi."

Mama Taaka akaacha alichokuwa akifanya. "Makokha, huo haujangojwa."

"Mama, huo ni ushamba wa wanawake. Kimekauka kimekauka."

"Mimi siugusi, na siuli."

"Usile! Itabaki nyingi ya kuuza."

Tulisikia sote, mimi, na Auma mke wa Makokha, na Barasa mume wangu. Nakuomba ushike hilo, kwamba tulisikia sote. Tukamenya, maana mkuu amesema. Unga ukatoka mweupe kama pamba ya kiwandani, mzuri wa kutazama, ukajaa kwenye magunia stoo. Makokha akaufunga kwa kamba zake na ufunguo wa stoo akauvaa shingoni. Ulio mzuri ulivuka mpaka wa Malaba kwenda sokoni, na wa chini ya gunia tulikula sisi. Ulikuwa mchungu, tukaufunika uchungu wake kwa mchuzi. Wiki zikapita. Vichwa vilituzunguka, magoti yakawa kama si yetu. Makokha akasema ni njaa hiyo, kuleni zaidi. Yeye mchana alikula chapati hotelini Malaba.

Mama Taaka alipika peke yake unga wake wa kijivu aliokuwa ameuweka tangu zamani. Kidogo kidogo, kwa kopo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Tulikula mchana. Egesa, mtoto wa mwisho wa Makokha na Auma, alikuwa na njaa ya kucheza, akala kupita wakubwa. Jua halijalala alianza kutapika. Auma naye akatapika, mimi nikaanguka mlangoni, miguu ikakataa. Tulimtuma Barasa akamwite kaka yake sokoni. Walipofika, Egesa alikuwa amekwisha kata roho mikononi mwa mama yake. Nguo za kumzika alishonewa na Mama Taaka.

Nataka nimtendee Makokha haki hata kama yeye hakuitenda. Alilia. Alilia kilio cha kweli, akajigaragaza kwenye udongo. Mtu mwingine hapo angesema, Mungu wangu, nimefanya nini. Lakini kuna watu ambao neno hilo haliwezi kupita kooni, linakwama, na wao badala ya kulitema hutafuta mtu wa kumsonga nalo. Halafu, sikiliza, shamba la Mama Taaka lilikuwa lile la barabarani, na Makokha alikuwa amelitamani kwa duka tangu baba yao akiwa hai. Sijui kama alilifikiria shamba siku ile. Najua tu kwamba hakulisahau.

Baada ya mazishi alimleta mganga kutoka ng'ambo, jina lake Opio, mtu wa kuvaa koti la mvua kwenye jua kali. Akapewa kuku, akala, akatikisa vibuyu vyake, kisha akatangaza kwamba sumu imetoka nyumba isiyo na mtoto. Hakuhitaji kusema zaidi. Mimi nilikuwa bado mke mpya, sikuhesabiwa; nyumba ya namna hiyo kwetu ilikuwa moja.

Kulipokucha watu walijaa uani. Liguru, yaani mzee wa kijiji, alikaa kwenye kiti. Vijana walikuwa wameshang'oa mlango wa Mama Taaka na kuulaza chini, na mmoja alikuwa ameshika kijinga cha moto. Unajua nyumba ya mchawi ilivyochomwa siku hizo: hawakumngoja mwenyewe amalize kutoka. Mama Taaka alikuwa ameketi kwenye vumbi, miguu ameinyoosha.

"Sisi wote tumekula, wote tumeugua!" Makokha alipiga kelele. "Nani hajala? Yeye peke yake! Alijua nini? Aseme alijua nini!"

Watu wakaguna. Kweli, alijua nini?

Nilikuwa ndani nimelala, nikasikia. Nilimtazama Barasa aliyekuwa amesimama mlangoni. "Si useme," nikamwambia. "Ulikuwepo." Barasa akatazama viatu vyake. Huyo ni mtu wa pili niliyesema nitamtaja, na nimemtaja.

Basi nikatoka mwenyewe. Sikutembea, maana miguu ilikuwa migumu kama kuni. Nilitoka kwa magoti na mikono, mke wa mtu, mbele ya wakwe. Wenye hekima walikuja kuniambia baadaye kwamba mwenye nguvu mpishe. Mimi siku hiyo sikumpisha.

"Mzee Makokha," nikasema, "unauliza mama alijua nini. Alijua alichokuambia, kwamba muhogo haujangojwa. Ukamjibu asile, itabaki ya kuuza. Gunia ni lako. Kamba umefunga wewe. Ufunguo uko shingoni kwako. Sasa kama kilichoua ni uchawi wa mama, basi unga wako ni safi. Upikwe hapa, ule."

"Nani amempa huyu mwanamke ruhusa ya kusema?" Opio akauliza.

"Na wewe karibu, mganga. Kwetu mgeni ndiye huanza kunawa."

Huko nyuma mtu alicheka, halafu akakohoa ili aonekane hakucheka.

Makokha alinijia na mkono juu. Nafikiri angenipiga. Lakini Auma alikuwa amesimama kati yetu. Tangu mtoto azikwe Auma hakuwa amesema neno. Alinyoosha kiganja tu mbele ya mumewe.

"Nipe ufunguo, Baba Egesa."

Alipoitwa kwa jina la yule mtoto, mkono wake ulishuka. Akavua ufunguo akampa.

Auma alifungua gunia jipya mbele ya liguru, akasonga ugali pale pale uani kwenye mafiga matatu. Watu wote wale, na kilichosikika ni mwiko tu. Alipomaliza aliuweka mbele ya wanaume wawili, akapiga magoti kama mke anavyopaswa, akawamiminia maji ya kunawa.

"Karibuni. Chakula kimefika."

Ulikuwa mweupe, mwanangu, ungesema sima ya harusi.

Opio alikuwa wa kwanza kujitetea. "Dawa zangu hazikubali nile kwenye msiba."

"Jana kuku ilikubali!" mama mmoja akamrushia, na safari hii watu walicheka wazi.

Makokha alisogea. Alinawa. Alinawa vizuri, hata kati ya vidole, akautazama ugali. Maji yalidondoka kutoka mikononi mwake, mikono ikakauka yenyewe, na bado alikuwa ameinyoosha vile vile hewani. Hakula.

Liguru akainuka kwenye kiti. "Rudisheni mlango wa mama," alisema, akachukua fimbo yake akaenda zake.

Na Mama Taaka, mtu ambaye muda mfupi kabla alikuwa achomwe, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Auma, mwaga hiyo mbali na kuku."

Usidhani iliishia kwa nyimbo. Makokha hakukiri, na hajakiri. Magunia yaliyobaki aliyavusha mpaka kwa baiskeli. Waliotapika kule ng'ambo ni wangapi, sijui, na hakuna aliyewahi kuuliza. Wazee walikaa wakaona kwamba mimi ndiye mwenye kosa, nimemkemea mkubwa wa mume wangu hadharani, kwa hiyo nilete kuku wa kuosha maneno. Mmoja wao aliitazama miguu yangu akanitupia methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu, "Mzee, mimi guu langu limevunjika kwa sababu nilisikia la mkuu. Aliniambia nile, nikala."

Miguu ilinirudia nusu. Natembea kwa fimbo, na watoto wasionijua huniita bibi ilhali sijafika huko. Mama Taaka aliishi nyumbani mwake mpaka kifo cha uzee kilipomjia kwa hiari yake, na duka la Makokha halikujengwa pale. Makokha mwenyewe yuko, anaota jua barabarani. Mkipita msalimieni. Kuku wake sijampeleka, na sitampeleka. Barasa aliniomba kwa miaka, kisha akachoka.

Binti yangu alipokwenda shule alinisomea kitabuni kwamba ndani ya muhogo mchungu mna sumu, na kwamba sumu hiyo hutoka ukiuchachusha na kuukausha vizuri. Nikacheka mpaka akashangaa. Kitabu kinaiita sumu, Mama Taaka aliiita hasira, na Egesa aliye kaburini haimsaidii chochote tuiite nini. Lakini nilifurahi mtoto wangu ana yote mawili. Kitabu kitamwambia kwa nini, na jiko litamwambia lini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, maana umekaa muda mrefu. Kabla hujakiita kitu cha wazee ushamba, uliza kilikuwa kinazuia nini. Mtu wa kale hakufunika muhogo kwa majani kwa kukosa kazi. Alikuwa amezika mtu. Mauti yakiingia nyumbani, uliza kwanza mlikula nini, mlikunywa nini, nani alikuwa na haraka. Ukishajibiwa hayo utaona uchawi umepungukiwa na kazi. Akinyooshewa kidole mtu asiye na mtoto wala mume wa kumtetea, tazama shamba lake liko wapi. Na heshima mpe mkubwa, mpe kiti, mpe maji ya kunawa, lakini usimpe ulimi wako akuwekee. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ni yako, ivue uitikise mbele ya watu, waone haya wanaotaka kuona haya.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono wa kungoja na mdomo usiongoja. Ule, ushibe, na kesho uamke.