Faili Sitini na Nne, Zote Zinaitwa Mama

Mpaka leo nikienda Kaloleni nazunguka kwa nyuma, kando ya mtaro, kwa sababu njia ya mbele kuna mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye alikuwepo siku ile, na kila akiniona anainua gazeti la kufungia juu ya kichwa chake na kuniuliza, "Mkwe, na huyu ni nani?" Wenzake wanacheka mpaka wanashika magoti. Aibu nimezila nyingi maishani, lakini hii niliipika mwenyewe, nikaifunga kwa kamba na kuibeba begani hadi hukohuko Kaloleni, nyumbani kwa wakwe.

Nina studio ya picha Kondele, chumba kimoja, na kompyuta ambayo ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inafikiria. Ndani kuna programu ya kuchapisha picha: unaipa picha, inaipanga iwe ya pasipoti, ya kalenda au ya bango, na juu kuna kisanduku cha kutafutia, unaandika jina la faili inakuletea. Shida haikuwa programu (ingawa niliitukana sana). Shida ni kwamba inatafuta kile ulichoandika, na mimi nilikuwa naandika upuzi. Kulikuwa na Jamaa wa Kofia, kulikuwa na Mwisho, Mwisho Kabisa na Mwisho Kabisa Mpya, na mwanamke yeyote aliyenizidi umri alikuwa Mama, basi. Kila siku ilikuwa na folda yake, kwa hiyo Mama wa Jumanne hakugongana na Mama wa Jumatano, na mengine nilijaza kwa kichwa.

Sasa, mke wangu Beryl ana mama wawili. Baba yake marehemu alioa mara mbili, kwa hiyo nina mama mkwe mkubwa, aliyemzaa Beryl, na mama mkwe mdogo, mke mwenzake, na hao wawili wameishi boma moja miaka mingi kwa amani ya kupimiana chumvi. Na kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Hatajwi jina ovyo, huli mbele yake ukitafuna kwa sauti, na akipita unaangalia chini. Miaka kumi na mmoja nimeoa, viatu vya mama mkwe navijua kuliko uso wake.

Krismasi Beryl aliwapiga picha wote wawili kwa simu, mmoja baada ya mwingine, kwenye kiti kilekile cha plastiki mbele ya nyumba, wote wamevaa sare ya wamama wa kanisa, suti ya buluu na kitambaa cheupe kichwani. Akanitumia ya mmoja, na ya pili kesho yake. Nilipofika pa kuandika jina la faili vidole vikagoma. Nikajiambia kuandika ni kutaja tu, tofauti ni kwamba mdomo umefungwa. Nikaandika Mama. Kesho yake nikaandika Mama tena. Heshima iliyoje.

Mwezi wa nane kanisa likaamua kumfanyia mama mkubwa sherehe ya shukrani kwa miaka aliyowaongoza wamama, na mimi, mkwe mwenye studio, nikajitolea bango la uso wake, mita mbili kwa tatu, kabla hata ya kuombwa. Beryl alifurahi. Aliniambia mama yake hajawahi kutundikwa picha popote, hata kwake sebuleni kuna ya mzee peke yake, na tangu asikie habari ya bango anaulizia kila siku kama litaonekana kutoka barabarani. Nikamwambia litaonekana hadi Dunga, kule ziwani.

Alhamisi nikarudi kutoka mjini nikamkuta Beryl amenuna studioni.

"Baba Tito, hii kompyuta yako utapanga lini? Mtu amekuja kuchukua picha ya watoto wake, nimetafuta mpaka akachoka akaenda."

Badala ya kusema pole nikakasirika. Unataka mpango? Nitakupa mpango. Nikabonyeza pale penye kukusanya picha zote mahali pamoja, programu ikaniuliza kitu kirefu kuhusu majina yanayofanana na kuongeza namba, nikabonyeza ndiyo bila kusoma (ndiyo yangu ya harusi niliifikiria zaidi), na dakika kumi baadaye folda zangu zote za siku zilikuwa zimemiminwa kwenye chungu kimoja. Nikamwambia Beryl, haya, sasa kumenyooka.

Ijumaa mchana jamaa mwenye mashine kubwa ya mabango mjini akapiga simu. "Omera, ndugu yangu, tuma hiyo kitu sasa, nafunga mapema leo." Nikaandika Mama kwenye kisanduku. Zikaja sitini na nne, Mama na namba, Mama na namba, vipicha vidogo kama kucha. Nikaanza kupanda na kushuka, wamama wa samaki, wamama wa chama, mama mmoja na mbuzi wake, jamaa akapiga tena, jasho likaanza, nikamtukana aliyetengeneza hiyo programu pamoja na ukoo wake. Mwishowe nikaona suti ya buluu, kitambaa cheupe, kiti cha plastiki. Nikashukuru Mungu. Nikaibonyeza, ikajaa skrini nzima, na hapo, mniamini au msiniamini, niliangalia chini. Kwa mazoea. Nikaweka maneno HONGERA MAMA, NGUZO YETU, nikatuma.

Jumamosi nikalichukua bango likiwa limeviringishwa ndani ya karatasi ya nailoni, tukalifunga juu kwenye nguzo za tenti bila kulifungua ili liwe la kushtukiza. Watu walijaa boma zima. Mama mkubwa alikaa mbele na shada shingoni. Emsii akasema, "Mkwe wetu wa picha, kuja uvute kamba mwenyewe." Nikaenda nikitembea kwa madaha, nikavuta.

Vigelegele vilianza na kukatika katikati. Nikageuka kuangalia, na kutoka juu mama mdogo alikuwa ananitabasamia, mita mbili kwa tatu, pengo lake la mbele likiwa pana kama mlango wa studio.

Mama mdogo mwenyewe alikuwa upande wa jikoni na sinia ya soda. Akaiweka chini polepole. Akafunika mdomo kwa leso, akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine, "Kumbe mmenikumbuka. Mimi nilijua nimekuja kupika tu."

Nilikuwa nimeshashika kipaza sauti niseme ni makosa ya kompyuta. Nikaanza, "Samahani, hii picha si..." Nikamwona anavyolia. "Si kubwa vya kutosha," nikamalizia. Watu wakapiga makofi, kwaya ikachukua wimbo, na Beryl akanitazama mpaka nikatamani kuingia kwenye sufuria ya mchele. Halafu mama mdogo akataka kupigwa picha mbele ya bango. Wenzake nao wakataka. Wakapanga foleni. Na mwenye kamera pale ni nani kama si mimi? Mchana kutwa nilipiga picha za watu wakisimama chini ya kosa langu, na mama mkubwa amekaa pale na shada lake, hali hata keki.

Watu walipopungua akasimama. Akaja mpaka hatua chache kutoka kwangu, akaitazama nguzo ya tenti, akaongea na binti yake nami nikisikia.

"Beryl, ambia bwanako hiyo bango asitoe. Apelekee mwenyewe kwake, amelia vya kutosha. Lakini mwambie mimi niko na jina. Nimetembea nayo miaka sabini na haijauma mtu. Aandike."

Akaenda zake. Mimi niliangalia viatu vyake vikiondoka.

Siku hizi faili zangu zina majina matatu na mahali mtu anapotoka, na mteja asiyetaka kujitaja simpigi picha. Bango la mama mdogo limeziba dirisha la sebule yake, na nikialikwa kwake nawekewa kiti chini ya hilo bango. Jumatatu ile niliitafuta picha ya mama mkubwa, nikaiandika Dorsila Awuor Ndege, nikaituma ikachapwe. Bango lake lilipotoka nililikunjua sakafuni studio, nikaufunga mlango, nikainama nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Ana macho ya Beryl. Miaka kumi na mmoja, na ilibidi nimwaibishe mbele ya kanisa zima ndipo nilijue hilo.

Nikalisoma jina lake kwa sauti mara tatu, ndipo nikaliviringisha bango.